Mnara Uliokosa Katikati

Jumamosi nilisimama mbele ya jumba la kale la manispaa, hapa Brussels, kwenye harusi ya binti mmoja wa Bukavu. Bwana harusi hakuonekana. Bibi harusi alikwisha kuvua viatu, akisema anarudi zake nyumbani, Anderlecht.

Kando yetu mwongoza watalii alikuwa akieleza kwamba mnara haukukaa katikati: bawa la kushoto ni refu kuliko la kulia. Eti mjenzi alipogundua, alipanda juu akajirusha.

Mama wa bibi harusi akapiga makofi. “Alijiua juu ya ile kosa tu? Angesema ni modèle ya Paris!” Akamgeukia binti. “Hii nyumba iko na défaut, iko na kasoro, na batu banatoka mbali kuipiga foto. Weye unataka bwana mwenye hana défaut?”

“Maman, ameniletea aibu!”

“Bon, atakuletea ingine. Vaa viatu.”

Bwana harusi akatokea mbio, tai begani. Binti akamtazama juu hadi chini, akaangua kicheko, akatangulia kuingia.

Wanahistoria wanasema hakuna aliyejirusha. Bawa la kulia liliongezwa tu baadaye, nafasi ikawa finyu. Ndoa nyingi nizijuazo zilijengwa hivyo hivyo, na wenyewe wamo ndani wanakoroma.