Usinipimie Mtu kwa Mzani Usioujaribu

Siku ile ya ujana wangu naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka. Jana nilipokuona na simu yako, unamsomea binamu yako maswali ya kupima haiba, ati tabia na nafsi yake, kisha unamwambia ana ugonjwa, nilitamani kukupokonya.

Nilikuwa muuguzi mpya, hospitali moja upande wa Kahama. Masanja, mchimbaji wa Bugarama, aliletwa na baba mkwe wake, Mzee Lubinza. Mzee alitaka daktari athibitishe kwamba mkwewe ni mgonjwa wa akili, apate kumrudisha binti yake Kabula nyumbani Tinde. Masanja alikuwa mkimya, hamwamini kila mtu. Kosa lake ni hilo tu.

Daktari, kijana wa mbali, akatoa maswali yaliyotungwa ng'ambo na kufasiriwa Kiswahili. Unahisi watu wanakuvizia? Ndiyo. Unawaficha mambo hata rafiki zako? Ndiyo. Waliokufa huzungumza nawe? Ndiyo. Jamani! Mchimbaji gani hutangaza kwamba mwamba wake umeonyesha dhahabu? Na Msukuma gani hajawahi kujiwa na babu yake ndotoni? Daktari akajumlisha, akatamka mbele ya watu kwamba haiba ya Masanja ina ugonjwa.

Mama Sayi, mkuu wetu wa wauguzi, alikuwa amesikia yote. Akamwamkia Mzee Lubinza shikamoo kwa adabu, kisha akamuuliza maswali yale yale kwa Kisukuma. Mzee akaitikia ndiyo kwa yote, bila wasiwasi. Nyani haoni kundule.

"Daktari, basi na huyu mlaze," Mama Sayi akasema. "Kipimo chako ulikijaribu lini kwa mtu wa huku unayejua ni mzima?"

Daktari akainama, akasema atampima upya. Upya wa nini? Maji yalishamwagika. Neno lilifika Bugarama kabla ya Masanja. Wenzake wakakataa kushuka naye shimoni, na Kabula akapelekwa Tinde na mtoto mgongoni. Mvua zilipoanza, Masanja aliletwa tena, hali, halali, hasemi. Safari hiyo alikuwa mgonjwa kweli, na tuliomwuguza ni sisi.

Sikukatazi vipimo, mwanangu. Wenye maradhi ya haiba wapo, na wanateseka. Lakini hata mchimbaji asiyejua kusoma hakubali dhahabu yake iwekwe kwenye mzani kabla haujajaribiwa kwa uzito unaojulikana. Wewe unathubutuje kumpima mtu? Uliza kwanza kipimo kilijaribiwa kwa watu gani, kwa lugha gani, na kama kinajua kumwacha aliye mzima. Kisha kaa na mtu, umsikilize yeye na wa kwao. Haraka haraka haina baraka.

Sasa inuka, nenda kwa binamu yako ukamwombe radhi, kabla neno lako halijafika kwa wakwe zake. Mungu akupe masikio mapana na ulimi mzito, na kila atakayeketi mbele yako aondoke na jina lake alilokuja nalo.