Jicho la Kimbunga Nyumbani Kasenga

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja binti yangu Furaha alipofungua kompyuta yake hapa barazani Kasenga, akanionyesha kimbunga. Anasoma mambo ya hali ya hewa chuo kikuu. Mimi shule niliiachia darasa la tatu, lakini kila tofali la nyumba hii nimelifyatua kwa mikono yangu, kwa hiyo kuuliza siogopi. Nikamuuliza picha ya mawingu itatujazia sufuria gani. Akasema si ya mawingu. Setilaiti ina rada: inatuma mawimbi yanayopenya wingu hadi baharini, kisha yanarudi na habari. Penye maji yaliyochafuliwa na upepo panang'aa, penye utulivu pana giza. Katikati ya ule weupe unaozunguka, nikaona doa jeusi.

"Miye ningepitisha mtumbwi hapo," nikasema.

"Papa, hilo ni jicho lake. Watu wanatoka nje wakidhani imekwisha, kumbe upepo wa pili unakuja kwa upande mwingine."

Nikacheka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walishasema. Setilaiti ya nini?

Mara matone yakaanza. Matofali yangu mabichi yalikuwa uani, na turubai moja tu ndilo tulilokuwa nalo, Mama Furaha ameanika juu yake mihogo ya bugali wa wakwe. Kesho yake walikuwa wanakuja kumposa Furaha. Nikaimwaga mihogo chini, nikafunika matofali.

Mama Furaha aliporudi kutoka kwaya alivuma hadi majirani wakazima redio zao. Kisha akanyamaza. Asubuhi akanipigia shati pasi. Nikajua imekwisha. Nikavaa koti, nikaketi mbele ya wakwe kama chifu.

Unga alikuwa ameazima kwa jirani; kila mgeni akapata bugali na samaki. Sahani yangu ikaja mwisho, imefunikwa vizuri. Nikafunua. Tofali.

"Kula, Papa Furaha," akasema kwa upole. "Hilo halikulowa."

Nikaona posa imekufa. Lakini mkwe mkubwa alicheka mpaka akakohoa, akasema mke wa mwanawe atoke nyumba hii hii, asitafutiwe kwingine. Furaha akaniinamia sikioni: "Papa, upepo wa pili."

Mwanangu, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na tofali. Msikilize aliyesoma, hata kama ulimbeba mgongoni. Na ukikosea nyumbani, omba radhi kelele zikingali zinavuma, maana kimya si msamaha. Mungu akupe paa lisilovuja, mihogo inayowahi kukauka, na mwenzi anayemaliza hasira yake kabla ya chakula kuiva.