Faharasa ya Ng'ombe wa Mashuuru

Siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hadi leo nikizeeka hapa Kitengela, nilijiona mjuzi kuliko Kajiado nzima. Nilikuwa msichana pekee katika ofisi ya mifugo aliyejua kompyuta, na mapembe nilikuwa nimeota.

Tulikuwa tunaandaa daftari la kompyuta la ng'ombe wa Mashuuru kabla ya chanjo. Kila ng'ombe alikuwa na hereni yenye namba. Ili apatikane haraka, kompyuta ilihitaji faharasa, yaani namba zote zimepangwa, kila moja ikionyesha mahali habari za ng'ombe huyo zilipo. Diski yetu ilikuwa ndogo, basi bosi, daktari wa mifugo, akaniagiza nikadirie nafasi. Ng'ombe asiyeandikwa hakuchanjwa. Daftari likikwama, dawa ingerudi Nairobi na ugonjwa ungebaki kwetu.

Nikazunguka bomani nikiuliza wazee wana ng'ombe wangapi. Walinijibu kwa upole kwamba ni wachache, labda kumi. Nami binti wa Kimaasai, niliyelelewa nikijua ng'ombe hawahesabiwi mbele za watu, nikaandika kumi kwa kila mzee! Nikazidisha kwa urefu wa namba ya hereni, nikafunga hesabu. Siku nne kabla ya chanjo diski ikajaa, na nusu ya ng'ombe hawajaingizwa. Nililia, sioni haya kusema.

Mama yangu hakunibembeleza. "Nani alikuambia mwenye ng'ombe atakupea hesabu?" aliniuliza. "Na hata akikupea, boma haijengwi ya ng'ombe kubanana. Hawa wanazaa."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliuliza kijinga. Asubuhi nikahesabu dozi zilizotumika chanjo iliyopita, dozi moja kwa kila ng'ombe, maana dozi hazifichi hesabu. Kisha nikachukua ng'ombe wa boma moja, nikawatengenezea faharasa yao na kupima nafasi iliyokula kweli. Ilizidi namba tupu mara kadhaa, kwa kuwa kila namba hubeba na mahali pa kuelekeza, na kompyuta hujiachia mapengo ya namba zitakazoongezwa. Nikagawanya kwa idadi ya ng'ombe wa boma lile, nikazidisha kwa ng'ombe wote, nikaongeza fungu la ndama. Bosi alisoma karatasi yangu mara mbili, akaenda kuazima diski kubwa.

Siku ya chanjo vumbi lilitanda, na kila hereni iliyosomwa ilijibiwa papo hapo. Ng'ombe wa mwisho alipoingia, nafasi ilikuwa imebaki karibu kama nilivyokadiria. Bosi alinipa mkono mbele ya wazee walewale wa kumi kumi, nao wakacheka. Nilipiga vigelegele mwenyewe, mwanangu, sikungoja kupigiwa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, langu lilipona. Basi usikadirie kwa maneno ya watu. Pima kidogo kwa mkono wako, ndipo uzidishe, na uwaachie nafasi ambao hawajazaliwa. Enkai, Mungu wetu, akubariki, kazi yako izae, na kila inachozaa kipate pa kulala.