Printa Iliyoikataa Nyumba Ndogo

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimebeba miwa mashambani kule Ekero bila viatu miguuni, nimefufua vinu vya kusaga mahindi ambavyo wenye vyeti walikuwa wameshavizika, na kufikia mwaka wa tisini na tisa nilikuwa na duka la kupiga chapa katikati ya mji wa Kakamega, lenye kompyuta mpya na printa ya rangi. Ya rangi, nasema. Wenzangu wote mjini walikuwa bado na zile za utepe, zinazolia kama panya aliyebanwa mlangoni. Shule niliiacha darasa la tano, na haijawahi kunitafuta.

Kwa hivyo shemeji yangu hakunishangaza. Aliniudhi tu. Nami mtu akiniudhi simjibu siku hiyo. Namwekea.

Alikuwa kaka wa mke wangu, kifungua mimba wa boma lao la Lugari, mwalimu aliyetupa chaki akafungua chuo cha kompyuta ghorofani, ng'ambo ya barabara kutoka dukani kwangu. Kosa lake alilifanya mezani kwa baba yake. Kwetu mkwe akizuru huchinjiwa kuku, na firigisi ni yake. Hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Siku hiyo bakuli la ingokho likawekwa mbele yangu, na kabla sijamaliza kunawa, huyu bwana akanyoosha mkono, akaiokota firigisi, akaitia kinywani.

"Samahani, shemeji," akasema huku anatafuna. "Hii ni ya watu waliosoma. Wewe kula mgongo, upate nguvu za kubeba miwa."

Meza nzima ikacheka. Mke wangu akainamia obusuma, ule ugali wake, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani yake. Nikala mgongo mpaka mfupa. Nikamwekea.

Mwaka haukuisha kabla mzee hajafariki. Kamati ya mazishi ikakaa Lugari kugawa kazi, na mimi nikasimama bila kuitwa. Nikawaambia kijitabu cha mazishi nitakichapa mimi, mkwe, nakala mia tatu, bila kuomba senti, tena kwa rangi, kwa sababu Lugari haijawahi kumzika mtu kwa rangi. Watu wakapiga makofi. Shemeji naye akasema vizuri, yeye atatayarisha maandishi na picha, kisha aniletee nichape. Alisema kwa upole. Upole wa mtu yule ulipaswa kunitia wasiwasi.

Akanijia dukani na disketi, siku chache tu kabla ya mazishi.

"Haya, bingwa wa rangi. Kila kitu kimo humu, na picha ya mzee pia. Kazi yako ni kuchapa tu."

"Na ikikataa kufunguka?"

"Utawaambia watu wa Lugari kwamba kompyuta yako nayo iliacha shule." Akatoka akipiga mluzi.

Ikakataa kufunguka. Kijitabu alikuwa amekiandika kwa programu inayokubali tu ule mfumo wa kompyuta wa maofisini, si huu wa kawaida uliokuwa kwangu. Maneno ningeweza kuyapiga upya, lakini picha ya mzee ilikuwa humo humo ndani ya faili, na ile ya karatasi shemeji alikuwa ameifungia kabatini kwake. Kijitabu bila uso wa marehemu si kijitabu, ni karatasi ya kufungia mandazi.

Sikumpigia mtu magoti. Muuzaji wa Nairobi aliyeniuzia kompyuta alikuwa amenipa kisahani cha mfumo huo wa maofisini kama nyongeza. Nikaupachika mwenyewe kando ya ule wa kwanza. Sasa kompyuta ikiwashwa ilikuwa inaniuliza kama anavyoulizwa mwanamume mwenye wake wawili: leo unalala nyumba gani, kubwa au ndogo? Ni wangapi Kakamega walikuwa na mashine ya namna hiyo? Sikumwona mwingine.

Nikaingia nyumba ndogo, ule mfumo wa maofisini. Faili ikafunguka, na mzee akanitazama kutoka chini ya kofia yake. Nikaamuru kuchapa. Kimya. Kompyuta ikaniambia hakuna printa. Printa hiyo hapo, kubwa kama mbuzi aliyelala, taa yake inawaka!

Mimi ni mtu wa vinu. Kinu kikigoma huanzi kulaumu unga, unaanzia kwenye injini. Nikauchomoa ule waya mwembamba wa USB, nikauchomeka tundu la pili. Kimya. Nikazima, nikawasha. Nikaingiza kisahani kilichokuja na printa, nikaweka draiva, ile inayoifundisha kompyuta kuongea na printa. Ikakubali kuwekwa, lakini printa haikuonekana. Nikaifuta, nikaweka tena. Nikarudi nyumba kubwa kuhakikisha printa haijafa, na kule ikachapa mara moja, tena kwa furaha, ua jekundu na la manjano. Nikarudi nyumba ndogo, ikanuna. Kwenye nyumba kubwa nilikuwa na printa bila faili, kwenye ndogo faili bila printa. Na ng'ambo ya barabara, dirishani kwa chuo, shemeji alikuwa amesimama na kikombe cha chai akitazama dukani kwangu kama mtu anayengoja mvua aliyoitabiri.

Hapo nikaelewa anachongoja. Nikifika kwa wakwe mikono mitupu, yeye atatoa vijitabu vyake vya printa ya utepe, vyeusi, na mimi nitaitwa mtu wa miwa mpaka kaburini.

Nikaenda posta nikampigia simu muuzaji wa Nairobi.

"Unatumia waya gani, mzee? Ule mwembamba wenye mdomo bapa?"

"Huo huo wa USB."

Akacheka mpaka akakohoa. "Acha kujitesa. Mfumo wa maofisini haujui USB ni mnyama gani. Ulitengenezwa kabla hawajajuana. Hata ukiuwekea draiva mia, ni kumpungia mkono kipofu."

"Na kazi hii nimepewa na mwenye chuo cha kompyuta."

"Basi anajua, mzee wangu. Mwenye chuo asijue hilo?"

Nikamwekea na hilo.

"Nifanye nini?"

"Nyuma ya printa kuna tundu jingine, pana, lina kifuniko. Tafuta waya mnene, ule wa printa za zamani. Futa draiva, weka upya, na uiambie printa iko kwenye tundu la zamani."

Waya mnene ulikuwa tele chuoni kwa shemeji. Ningemwomba, angenipa, na angenipa mbele ya wanafunzi wake. Nikaenda Kisumu. Nikanunua wangu.

Niliporudi nikafanya kama nilivyoambiwa. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na mzee akatoka polepole, kofia kwanza, kisha macho, kisha tai yake ya bluu. Nikapiga ukelele hata muuza viatu wa jirani akaja mbio.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu mwingine. Lakini faili ilikuwa wazi mbele yangu, na katikati yake kulikuwa na orodha ya watoto wa marehemu, shemeji juu kabisa. Nikamshika, nikamteremsha mpaka mwisho. Pembeni ya jina lake nikaandika: kitinda mimba. Nikachapa nakala mia tatu, za rangi.

Mchungaji aliyeongoza ibada hakuwa mtu wa Lugari. Alisoma kilichoandikwa.

"Sasa tumsikie mtoto wa mwisho wa marehemu. Njoo, mtoto, usiogope, sisi sote ni wazazi wako."

Shemeji akainuka na mvi zake na suti yake ya vipande vitatu. Nyuma mama mmoja akauliza kwa sauti, "Huyu kitinda mimba alizaliwa na ndevu?" Watu wakavunjika mbavu pale pale makaburini, akina mama wa kanisa wakajiziba kwa leso. Alinitafuta kwa macho. Nikampungia kijitabu.

Wazee wa ukoo wao waliniita kabla sijapanda gari. Mwenye fimbo akasema, "Mkwe huoa binti. Hapangi uzao wa watu." Nikatozwa fahali, aletwe kabla ya siku ya kunyoa nywele, ile ya kumaliza matanga.

"Si ungemtukana tu kwa mdomo?" mke wangu akaniuliza nyumbani kwetu Shirere. "Ni bure."

"Matusi ya bure hayakai," nikamwambia.

Nililipa nikiwa nimesimama wima, na ningelipa tena kesho. Waya wa Kisumu, fahali, na lori la kumfikisha Lugari: shilingi elfu kumi na nne, mia sita na hamsini.