Kovu Nililosema ni la Uji

Nakumbuka vizuri asubuhi ile niliyodanganya kuhusu kovu langu, mwanangu. Nilikuwa na mimba ya tatu, na wawili wa kwanza niliwapata kwa kisu. Mimi tangu zamani simwamini mtu upesi. Hata muuza maziwa namwangalia mara mbili. Niliwashuku madaktari kwamba wanapenda kupasua ili wawahi chakula cha mchana. Mama mkwe naye nilimshuku, maana kila akisonga obusuma, ugali wetu, alinung'unika kwamba mke wa kupasuliwa hajajua uchungu wa uzazi. Basi nikaficha kitabu cha kliniki chini ya gunia la mahindi, nikaenda zahanati moja upande wa Chekalini nisikojulikana, nikasema wote nimewazaa kawaida.

Nesi wa pale, Mama Nasimiyu, alinipima tumbo, mkono wake ukasimama juu ya kovu.

"Hii ni nini?"

"Uji uliniunguza."

Akanitazama. "Uji gani huo unachomanga mstari kama wa rula?"

Akavuta kiti. "Mama, mimi sikukatazi kuzaa kawaida. Lakini kovu la nje haliwezi kuniambia la ndani limekaa aje. Likiachana ukiwa hapa, sina damu, sina chumba cha upasuaji. Nitakushika tu mkono mpaka ukate roho. Enda ulete karatasi za hospitali."

Niliona aibu, tena nikaogopa sana. Nikaenda hospitali kubwa na karatasi zangu, nikamuuliza daktari maswali mpaka akavua miwani. Kumbe kovu langu la nje lilikuwa limelala kwa upana, lakini la ndani, la mara ya pili, lilisimama wima mpaka juu ya mfuko wa uzazi. Kovu la namna hiyo, alisema, halijaribiwi uchungu. Nikapasuliwa mara ya tatu, na aliyetolewa ni wewe.

Leo umekuja na mimba na makovu yako mawili, unataka kujaribu njia ya kawaida. Sikukatazi. Mficha uchi hazai. Shuku, lakini shuku kwa mdomo: uliza walikukata kwa nini, na ndani walikata wapi. Wakisema inafaa, jaribu palepale penye chumba cha upasuaji. Wakisema haifai, waulize tena, kisha ukubali. Na mimi nikikushauri, nishuku pia. Sijasomea tumbo lako.

Mungu akufungulie mlango wowote atakaouona mwema, nyote wawili mtoke hai, na mtoto aje anione nikiwa bado na macho ya kumkagua.