Shimo la Taka Nyuma ya Darasa la Pili

Njia nzima kutoka Mbinga nilijisifu. Nilikuwa nimetumwa kuwapokea wageni wawili, mwenyekiti wa chama chetu cha walimu wa kusoma na wakutubi pamoja na mwenzake, maana shuleni kwetu mwanachama nilikuwa peke yangu. Chama kilituazima sanduku la vitabu vya hadithi, na sasa walikuja kutazama kama vinasomwa. Vikisomwa tungebaki navyo, visiposomwa vingehamia shule nyingine.

“Mama, vitabu vyetu utavijua kwa harufu,” nilimwambia mwenyekiti tukiteremka kona za kuelekea ziwani. “Watoto wanavisoma huku wakilinda usipa, dagaa wetu wa ziwani, wanaoanikwa kwenye vichanja. Vinarudi na magamba.”

Akacheka. “Ndivyo ninavyovitaka.”

Kila Ijumaa watoto walinawa mikono, wakapanga foleni mbele ya kabati na kuninyooshea viganja. Nikishavikagua, kila mmoja nilimpa kitabu kingine. Mdomo wangu haukujua kunyamaza, basi hayo nayo nikayasimulia mpaka tukafika.

Shule ilikuwa kimya. Uwanja umefagiliwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa, watoto wamerudishwa nyumbani mapema ili wageni wasipigiwe kelele. Mwalimu Mkuu, mwenyeji wa mkoa mwingine na mtu nadhifu kupita kiasi, alitupokea kwa tai. Alimwamkia mwenyekiti shikamoo, akatupeleka kabatini na kulifungua yeye mwenyewe.

Nilipigwa na butwaa. Vitabu vilikuwa vichache, vinang'aa, vimesimama wima. Vilikuwa ni vile vigumu kusoma ambavyo hakuna mtoto aliyewahi kuviomba.

Mwenyekiti alifungua kimoja, akakinusa, akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke.

“Vingine viko wapi, Mkuu?” niliuliza.

“Vile vilivyochakaa? Tumeviondoa,” alijibu, tena kwa fahari. “Mgeni hatandikiwi mkeka uliotoboka, mwalimu.”

“Mmeviondoa mkavipeleka wapi?”

Akaelekeza kidole nyuma ya darasa la pili, kwenye shimo la taka. Niliacha adabu zangu pale pale nikakimbia. Majivu yalikuwa bado na joto. Pembeni lilibaki jalada la hadithi ya kiboko, nusu yake imeungua, ile iliyogombaniwa mpaka nikaishona kwa uzi wa nyavu. Nililiokota, nikalipangusa majivu.

Mwenyekiti alikuja taratibu, akasimama kando yangu. Mwalimu Mkuu alimfuata, na ukweli ni kwamba uso wake ulikuwa wa mtu asiyeelewa kosa lake.

“Mama, mimi niliona aibu kwa niaba ya shule,” alisema. “Vilikuwa vinanuka.”

“Nilikuja kuinusa hiyo harufu,” mwenyekiti alimjibu.

Nilimsihi mwenyekiti asituondolee vitabu. Nilimwambia watoto hawana kosa. Alinishika bega, akasema anajua, ila chama hakiwezi kuacha vitabu mahali vinapochomwa moto. Vile vichache vilivyobaki vikapakiwa kwenye gari vikaenda shule ya Lipingo. Nilimkasirikia mwenyekiti siku nyingi.

Ijumaa iliyofuata niliingia darasani nimejiandaa kueleza. Sikuwahi kuanza. Foleni ilikuwa tayari imenyooka mbele ya kabati tupu, imetulia kuliko siku zote. Aliyesimama mbele ni binti wa darasa la pili aliyekuwa akikipenda kitabu cha kiboko kuliko wote.

“Shikamoo, mwalimu. Vipya viko wapi?”

“Vipya vipi, mwanangu?”

“Mwalimu Mkuu alisema wageni wanaleta vipya. Ndiyo maana tulivibeba vile vya zamani, tukavitia motoni.”

Akaninyooshea viganja. Vilikuwa vimesuguliwa, bado vinadondosha maji, na nyuma yake darasa zima likanyoosha vyake.