Harufu Niliyopanda Nayo Suji

Sijapata kuamini kwamba uchafu ni dalili ya ucha Mungu, ingawa miaka ya dhiki ilikaribia kutufundisha hivyo. Sabuni ilipoadimika madukani tulifulia majani ya mpapai, na wapo waliojivunia mashati yenye jasho kana kwamba ni vyeti vya uadilifu. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa. Nilikuwa mwalimu kijana mjini Same, na Ijumaa moja nilikwenda Hedaru kununua sabuni ya kupeleka nyumbani Suji.

Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye kofia iliyotariziwa, alikuwa amepanga vichupa vya manukato kando ya betri za redio.

"Mwalimu, nyosha mkono."

"Hayo ni ya wanawake, mzee."

"Kwani ua lina mke na mume? Acha ubishi, vuta!"

Akanidondoshea tone kiganjani, nikavuta. Kwanza nilichomwa puani na tangawizi na mdalasini, ukali wa kunifanya nipepese macho. Nikiwa bado natafuta neno la kulalamika, waridi likachanua katikati ya ukali ule. Na waridi lilipotulia, ikabaki harufu ya mbao kavu, kama kabati jipya linalofunguliwa kwa mara ya kwanza. Harufu moja, nyakati tatu! Nusura nisahau sabuni. Nilicheka kama mwehu, na mzee akacheka kwa kunicheka mimi. Nikanunua kichupa, nikajipaka shingoni na mkononi papo hapo, nikapanda gari la mlimani nikijinusa kila kona.

Lakini kadiri tulivyopanda, ndivyo nilivyomkumbuka baba. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwake mwanamume aliyejitia manukato alikuwa ama tapeli ama mzinzi. Hapakuwa na mtu ambaye heshima yake niliithamini zaidi. Niliogopa kuipoteza, wala sikuwa tayari kuiacha harufu yangu.

Nilimkuta barazani akipiga viatu rangi kabla jua halijazama, maana Sabato ikiingia kazi zote husimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akainua pua. "Umetokea Mamba? Naona wamekupakia juu ya magunia ya tangawizi."

Kosa kama hilo angelifanya Mpare tu, ajuaye kwamba tangawizi ya milima yetu hutoka Mamba. Uongo ulikuwa umekwisha kutengenezwa, ukingoja niuitikie kwa kichwa.

"Hapana, baba. Ni manukato. Nimeyanunua, nimejipaka."

Brashi ikasimama. "Mwanamume mzima?"

"Mwanamume mzima. Sijamwibia mtu, sijamhadaa mtu. Ninanukia tu."

"Na kesho kanisani?"

"Nitajipaka tena."

Alimaliza kiatu cha pili, akaingia ndani, na jioni yote akazungumza nami habari za mahindi.

Asubuhi nilijipaka dirishani, waziwazi, kwa woga na shangwe kwa pamoja. Baba alisimama mlangoni, Biblia kwapani, akinitazama hadi nilipofunga kifuniko.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Twende, basi. Ila utembee upande wa bondeni, harufu yako ipeperukie huko. Sitaki watu wadhani ni mimi."

Nikahamia upande wa bondeni, tukateremka bega kwa bega, nami nikinukia waridi.